Nyambizi Juu ya Meza ya Kukatia

Kijana huyu alikuja kwetu mara ya kwanza kutengeneza friji. Angeitengeneza akaenda zake, leo nisingejua nyambizi inainua darubini saa ngapi na inaishusha saa ngapi. Lakini friji ilipoanza kunguruma yeye akabaki jikoni, eti anataka kuhakikisha baridi imeshika. Baridi ya friji haihitaji kusimamiwa. Yeye aliisimamia wiki baada ya wiki, na kila akipiga hodi, binti yangu kitindamimba ndiye aliyekuwa anakimbilia mlango, wakati mimi nikimtuma chumvi anajifanya hasikii.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yangu: cherehani mbili, ovaloki ya kufungia kingo za nguo, kioo kirefu, na meza ya kukatia ambayo hakuna anayethubutu kuweka kikombe cha chai juu yake. Wateja wananiita Mama Sentimita, na sikatai. Chumba hicho kina sheria mbili. Ya kwanza, simpimi mtu ambaye sijaamua kumshonea. Ya pili, nikiwa na pini mdomoni siulizwi swali, hata kama nyumba inaungua.

Mume wangu, Baba watoto, alikuwa mwalimu wa michezo na refa wa mpira. Amestaafu, lakini saa yake ya kuhesabia bado inaning'inia shingoni na filimbi iko mfukoni. Yeye alimkubali fundi friji siku ile ile maji yalipoanza kupoa. Kura yake katika nyumba hii ni kama kifungo cha kwenye mkono wa koti: kipo, kinapendeza, hakifungi kitu.

Kura inayofunga ni yangu, na nilikuwa karibu kuitoa, mpaka siku nilipomuuliza kijana mezani akitoka kazini hufanya nini. Mtu mwenye akili angejibu anapumzika, au anamtembelea mama yake. Yeye akasema, "Nacheza mchezo wa nyambizi kwenye kompyuta, Mama." Akanieleza kwa furaha jinsi Jumamosi iliyopita alivyofuata msafara wa meli mchana kutwa, kimya kimya, chini ya maji, bila kupiga hata moja.

"Bila kupiga? Kwa nini?"

"Pembe ilikuwa haijakaa vizuri, Mama."

Niliweka kijiko chini. "Mchana kutwa unafuata meli isiyokuwepo. Na huyu binti yangu, ambaye yupo, utamfuata lini?"

Binti yangu alinitolea macho. Mimi nikianza siachi njiani, kwa hiyo nikaendelea. Nikasema ule ni mchezo wa watoto, nikasema mwanamume anayeoa akiwa na mwanasesere ameoa wake wawili, nikasema hata mimi, kwa umri huu, nikikaa nao wiki moja nitauweza. Hapo ndipo nilipojikwaa.

"Basi uuweze, Mama," akasema binti yangu, upesi kama mtu aliyekuwa anangoja mlango ufunguliwe.

Tukakubaliana pale pale, sahani zikiwa bado mezani. Wazazi wa kijana walikuwa wanakuja Jumapili ya wiki ile kuzungumza na sisi. Kabla hawajapiga hodi, mimi nikiwa nimepiga meli moja, moja tu, kwa kuilenga kwa mkono, kijana angeachana na mchezo wake moja kwa moja. Nikishindwa, nimpokee yeye na nyambizi yake, na nisiseme neno mpaka naingia kaburini. Mwalimu wangu angekuwa yeye mwenyewe. Baba watoto akajiteua refa bila kuombwa.

"Nimekubali, Mama," akasema kijana. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Kesho yake jioni kompyuta ikawekwa juu ya meza yangu ya kukatia. Nilitandika kitambaa kwanza, meza isikwaruzwe.

"Kuna njia mbili," akaanza. "Ya kwanza, unabonyeza hapa, mashine inapiga hesabu zote yenyewe, wewe unafyatua tu."

"Hiyo ni nguo ya dukani."

"Ndiyo, Mama. Ya pili ni ya mkono." Akanionyesha. Nyambizi iko chini, darubini imechungulia juu ya maji. Kwa mbali meli ya mizigo inapita. Torpedo ni kombora linaloogelea, na linaogelea polepole, kwa hiyo hulirushi pale meli ilipo. Unalirusha pale meli itakapokuwa. Ili ujue itakapokuwa, lazima ujue iko umbali gani, imeelekea wapi, na inakwenda mwendo gani. Umbali unaupata kwa kupima mlingoti kwenye mistari ya darubini. Uelekeo unaukadiria kwa jicho. Mwendo ndio wenye kazi. Unafungua kitabu cha maumbo ya meli kilichomo humo humo ndani ya mchezo, unaitambua yako, unasoma urefu wake kutoka pua hadi mkia. Kisha unatuliza mstari wa darubini mbele yake. Pua ikigusa mstari unaanzisha saa, mkia ukitoka unaisimamisha. Urefu ugawe kwa sekunde, zidisha kwa mbili, huo ndio mwendo. Unauingiza kwenye mashine ya kulengea, unafyatua, unaomba.

Nilicheka. Kupima tu! Nimepima watu wa kila umbo waliokuwa wanapumua na kubishana, nitashindwa na bati linaloelea? Nikachukua futi yangu shingoni, nikainama, nikaanza kupima meli.

"Samahani, Mama," akasema kijana kwa adabu kubwa. "Hapo unapima kioo cha kompyuta."

Binti yangu alitoka chumbani. Nilimsikia akicheka mpaka jikoni.

Siku ya kwanza sikurusha hata torpedo moja. Niliinua darubini nikasahau kuishusha, manowari ya ulinzi ikaiona, ikaja moja kwa moja ikatupanda mgongoni. Siku ya pili nilikumbuka kuishusha nikasahau kuiinua, meli zote zikapita juu yangu mimi nikitazama maji ya kijani. Siku ya tatu alikuja mteja wangu, mwalimu wa chekechea, kujaribu gauni. Nilikuwa nimembana kiunoni kwa pini, mkono mmoja juu hewani, Baba watoto alipopiga kelele kwamba msafara umetokea. Nikamwacha pale pale.

"Usitikisike," nikamwambia.

"Mimi au meli?"

"Wote wawili!"

Jioni ile tulikuwa tumeshazoea kunong'ona. Kijana alikuwa ametuambia kwamba manowari zinasikia kelele za nyambizi, na ingawa alieleza mara mbili kwamba hazisikii kelele za chumbani kwetu, mimi nilizima ovaloki na Baba watoto akavua viatu. Mwalimu wa chekechea naye akaanza kunong'ona, mkono bado uko juu. "Wanatutafuta akina nani?" akauliza. Nilipima mlingoti, nikakadiria uelekeo, Baba watoto akashika saa, mimi nikaandika hesabu zangu kwa chaki pembeni mwa meza kama ninavyofanya siku zote. Nikafyatua. Tukangoja sote wanne na mteja.

Torpedo ikapita mbele ya pua ya meli, karibu kabisa, ikaenda zake baharini kutafuta maisha.

"Ah!" akasema mwalimu wa chekechea, na pini moja ikamchoma.

Tangu hapo nilikuwa mtu mwingine. Nilipika nikiwaza pembe. Nilimpima bwana mmoja suruali nikajikuta nakadiria ameelekea wapi. Nilirusha torpedo siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata, na kila moja ilipita mahali pale pale: mbele ya pua, kwa nafasi ndogo ya kukera. Haikupita nyuma hata siku moja. Haikupita chini. Ingekuwa inapotea kama kuku asiye na kichwa ningesema sijui kulenga. Lakini ilikosea kwa nidhamu, na mimi kosa lenye nidhamu silivumilii.

Nikamgeukia Baba watoto. "Ni kidole chako. Unachelewa kuanzisha saa."

"Mimi?" Alishika kifua. "Nimechezesha fainali!"

"Ndiyo, na watu wanakumbuka jinsi ulivyoichezesha."

Hakuongea nami mpaka wakati wa chakula, na hata hapo aliongea kwa filimbi. Kijana ndiye aliyetupatanisha. Alisema angependa kuikagua saa ya Baba, si kwa kumshuku, bali kwa kumsafishia jina. Alimpima na saa ya kompyuta mara kadhaa. Kidole cha Baba watoto kilikuwa safi. Baba watoto akanitazama kama mchezaji aliyefutiwa kadi nyekundu.

Binti yangu wakati wote huo alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anakula karanga. Wiki ilivyozidi kuisha ndivyo alivyozidi kung'aa. "Mama, asiyekubali kushindwa si mshindani," akaniambia Ijumaa. Nilimrushia bobini ya uzi.

Lakini alikuja kuniona jikoni baadaye akiwa hana mzaha. "Mama, unajua anapanda juu ya mapaa kutwa nzima, anainamia mashine za viyoyozi zinazopiga kelele masikioni? Akirudi anataka mahali penye kimya. Akiniahidi kuacha ataacha. Hataugusa tena. Na mimi nitakaa na mtu aliyeacha." Akafuta mikono yake kwenye khanga, ingawa haikuwa na maji. "Sitaki mume uliyemkata mpaka akanitosha."

Nilimwambia maneno hayo hayavunji mfupa. Lakini yalinikaa kifuani, sitaki kudanganya.

Jumamosi ndiyo siku mambo yalipopasuka. Kijana alikuja mchana, akasimama nyuma yangu kwa mara ya kwanza, maana siku zote alikuwa akikaa pembeni kwa heshima. Nikapata meli ya mizigo. Nikafungua kitabu cha maumbo: urefu mita mia na ishirini. Nikaandika kwa chaki mezani: mia na hamsini.

"Mama," akasema. "Hiyo thelathini imetoka wapi?"

"Ipi?"

"Kitabu kinasema mia na ishirini. Wewe umeandika mia na hamsini."

"Hiyo ni akiba," nikasema, nikishangaa anauliza nini. "Akiba ya mshono. Utakataje kitu sawasawa na kipimo? Gauni naliachia sentimita mbili kila upande. Meli ni kubwa, nimeiachia thelathini."

Karanga zikaacha kutafunwa. Nilimtazama binti yangu na kumwona uso umemwiva, naye alikuwa ananyoosha mguu taratibu nyuma ya kiti changu, akimtafuta kijana amkanyage. Hapo nikaelewa. Msichana yule amekulia chini ya meza hii. Ameniona nikiongeza akiba kabla hajajua kutembea. Alijua tangu siku ya kwanza, akakaa kimya, akala karanga!

Mguu ukampata kijana. Nilimwona akishtuka. Akamtazama binti yangu, akaitazama nyambizi yake pale kwenye kioo, akaitazama muda mrefu kidogo.

"Mama, meli haina mshono," akasema. "Ukiongeza urefu, hesabu inakwambia inakimbia kuliko inavyokimbia. Kwa hiyo torpedo inawahi. Inafika kabla ya meli, inapita mbele. Ondoa akiba, utaipiga."

"Wewe!" akasema binti yangu.

"Nilisema nitamfundisha," akasema yeye. Basi.

Jamani, mtu anakata tawi alilolikalia, tena analikata kwa adabu, anaanza na "Mama." Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda pale pale, nikakasirika kwa kumpenda, nikafunika kompyuta kwa kishindo na kusema nimechoka, tuonane kesho. Binti yangu alimsindikiza mpaka mlangoni, na mlango ukafungwa kwa nguvu ambayo nyumba hii imerithi kwangu.

Baba watoto alibaki. "Si useme tu umekubali, yaishe?"

"Neno langu likishatoka ni kitambaa kilichokatwa. Nilisema nitacheza, nitacheza."

"Basi kosea."

"Mimi?" nikasema. "Mama Sentimita? Nikosee makusudi?" Akapandisha mabega akaenda kuvua saa.

Jumapili nilivaa gauni langu la bluu la wageni. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, viti vimeazimwa kwa jirani, na kompyuta iko juu ya meza ya kukatia kwa mara ya mwisho. Kijana alitangulia kuja kabla ya wazazi wake, amevaa shati jeupe ambalo yeyote aliyelishona anastahili kufungwa: mabega yameshuka, kola imepinda. Aliniamkia, nikaitika. Binti yangu alisimama dirishani kuangalia barabara, amekunja mikono.

"Wamefika kwenye kona," akasema. "Baba yake anauliza njia."

"Basi tuna muda," nikasema, nikakaa.

Meli ilikuwa ya aina ile ile ya jana, mungu wa mabati alivyopenda. Ilikuja polepole kutoka kushoto, ubavu wake wote wazi. Nilipima mlingoti mara moja tu, mkono ulikuwa umeshazoea. Uelekeo nilikuwa nao kabla sijauwaza. Nikatuliza mstari mbele ya pua.

"Sasa!" nikanong'ona, na saa ya Baba watoto ikalia tik. Meli ikapita, ikapita. "Sasa!"

"Sekunde thelathini kamili," akasema Baba watoto, jicho kwenye saa, kwa fahari ya mtu aliyesafishiwa jina.

Nikaandika kwa chaki: mia na ishirini. Nikagawa kwa thelathini, nikazidisha kwa mbili. Nane. Mwendo wa meli ni nane. Hesabu ilikuwa safi, pindo halina mkunjo. Sijawahi kuona kipimo kimekaa vizuri namna ile katika maisha yangu, na mikono yangu yote ilikuwa inataka kuipiga meli ile. Niliitaka. Watu wasidhani sikuitaka.

Binti yangu alikuwa amefumba macho pale dirishani. Baba watoto alikuwa anaitazama saa yake. Nje nilisikia sauti ya mwanamke mtu mzima akimwambia mumewe, "Ni hapa, nilikwambia ni hapa," na sauti ya mwanamume anayekubali kwamba ni hapo. Kijana alikuwa nyuma ya bega langu, mikono nyuma, kama mtu anayeaga.

Nilifuta chaki kwa kiganja. Nikazungusha kidude cha mwendo kutoka sifuri, nikapita nane, nikaenda mpaka kumi. Nikafyatua.

Torpedo ikatoka. Mstari mweupe ukachanika kwenye maji, ukaenda, ukaenda, Baba watoto akihesabu kwa sauti, na ukapita mbele ya pua ya meli, mahali pale pale pa siku zote. Meli ikaendelea na safari yake kana kwamba haikusikia lolote.

"Imekosa!" akasema Baba watoto, akapuliza filimbi ya kumaliza mchezo. Binti yangu akafumbua macho, akaruka, akamkumbatia baba yake, akanikumbatia mimi, akamfikia kijana akakumbuka kwamba wazee tupo, akampa mkono. "Pole, Mama," akaniambia, machozi yakimtoka. "Pole sana!"

"Ni kukosa bahati tu," nikasema. "Nenda ukawafungulie wageni."

Akakimbia, na Baba watoto akamfuata akiweka kola sawa. Tukabaki mimi na kijana na kompyuta. Yeye hakuwa anaangalia meli. Alikuwa anaangalia kidude cha mwendo, pale kilipoandikwa kumi, na nikajua amekwisha kupiga hesabu yake mwenyewe, maana kichwa chake kwa mambo hayo ni chepesi.

"Mama," akasema taratibu. "Ulikuwa umepata nane."

Nilivuta kifuko cha pini. Nikachomoa pini tatu nikaziweka mdomoni, nikachukua futi shingoni mwangu. Nilimshika mabega, nikamgeuza aelekee kioo kirefu, nikamnyoosha mgongo kwa ngumi. Kisha nikazungusha futi kifuani mwake.

Alivuta tumbo ndani, kama wanavyofanya wote. Nikampiga kofi dogo la ubavuni aliachie.